Matumbo ya Mfalme Aubert Katika Malisho ya Hautemare

Padre Foulques, Bwana Enguerran msimamizi wa nyumba ya mfalme, watawa mliotoka abasia, na ninyi majirani zangu mliosimama kuzunguka shimo hili, mimi naitwa Osanne, mke wa Toustain mchunga ng'ombe. Nimesimama hapa kwa sababu nimeambiwa kwamba kati ya watu wote waliopo leo ni mimi peke yangu mwenye damu ya marehemu, na kwa desturi ya kwetu hakuna mtu, awe tajiri au maskini, anayeshushwa ardhini kabla ndugu yake wa damu hajasimulia maisha yake, kwa hiyo nitayasimulia maisha ya baba yangu, Mfalme Aubert wa Ufaransa, ambaye mifupa yake imekwenda kwenye makaburi ya wafalme, moyo wake umekwenda kwa masista wa Montreval, na matumbo yake yamebaki kwetu katika gudulia hili.

Majirani mnajua, ila watawa ni wageni, hivyo ni vizuri niseme mapema kwamba hapa tunaposimama ni malisho ya kijiji kizima, ndiyo pekee yasiyokauka wakati wa kiangazi, nayo marehemu, akiwa kitandani na akijua anakufa, aliwapa watawa ili matumbo yake yazikwe humu, juu yake lijengwe kanisa dogo, naye aombewe hadi mwisho wa dunia. Gudulia likishafunikwa udongo, ardhi yote hii kutoka mto hadi ule ua wa miiba inakuwa takatifu, na ng'ombe hakanyagi ardhi takatifu, na mtu wa Hautemare asiye na ng'ombe hana jambo la kumweka Hautemare.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Novemba mwaka wa Bwana 1241, sikukuu ya Mtakatifu Martini, katika ngome ya Montreval, akiwa mtoto wa tatu wa mfalme aliyemtangulia na wa kwanza kuwa wa kiume, kwa hiyo kengele zilipigwa nchi nzima bila kupumzika, hata ya kwetu ikapasuka, na tangu siku ile inalia kama sufuria, kama mlivyoisikia asubuhi. Waandishi wa mfalme waliandika kwamba mtoto alipotoka tumboni alilia kwa sauti ya kuamuru. Mimi nimezaa mara mbili, na wanangu wote wawili walilia kwa sauti ya kuamuru, na wote walichotaka ni ziwa.

Elimu yake alianza kuipata mwaka 1248, hapo hapo Montreval, chini ya walimu watatu, ambapo wa kwanza alimfundisha kusoma akakata tamaa, wa pili alimfundisha Kilatini akapewa uaskofu ili aache kulalamika, na wa tatu alimfundisha kuwinda, naye huyo ndiye aliyefaulu. Alimaliza masomo mwaka 1258 akiwa anaweza kuandika jina lake, na kwa kuwa jina la mfalme huandikwa na karani, hata hilo alilisahau baadaye.

Kazi yake ilikuwa ufalme, nayo aliianza siku ya Pentekoste mwaka 1261, alipopakwa mafuta matakatifu kichwani, kifuani na mabegani, akaitwa Aubert Mwenye Haki siku ile ile, kabla hajahukumu kesi hata moja. Mwaka uliofuata aliamuru kila nyumba inunue chumvi katika ghala zake na si penginepo, hata nyumba isiyokuwa na nyama wala samaki wa kutia chumvi, na watu wa mwambao, ambao bahari iko mlangoni mwao, wakafungwa kwa kosa la kuchemsha maji yake. Kisha aliyeyusha pesa za fedha akazirudisha zikiwa na shaba nyingi, na kwa kuwa sura yake ilichorwa juu yake, zikizeeka alikuwa anakuwa mwekundu puani, jambo ambalo wengi walisema limefanya zifanane naye zaidi.

Mwezi Juni mwaka 1274 aliongoza jeshi kwenda kumwadhibu mtawala wa Flandria, na kwa kuwa alikuwa ameapa mbele ya mabwana wakubwa kwamba chakula cha mchana atakila ndani ya mji wa adui, hakutaka kuwasubiri askari wa miguu, akawaingiza wapanda farasi wake kwenye tope, farasi wakazama hadi matumboni, mabwana wakachinjwa kama kuku waliofungwa miguu, naye akakamatwa mbali kidogo na hapo akiwa amevaa joho la padre wake na amepanda punda wa padre wake, huku padre akimfuata nyuma kwa miguu. Fidia ya kumkomboa ilitolewa na vijiji. Kwetu walichukua ng'ombe, wenye ndama na wasio na ndama, na mfalme aliporudi na kupita barabara ya juu, tarumbeta zikilia, baba mkwe wangu, Mzee Anquetil, alivua kofia kama wengine, kisha akamwambia aliyesimama jirani yake, "Tumemnunua kwa bei ya ng'ombe, na maziwa hatoi."

Ni kweli pia kwamba marehemu alikuwa na kipaji cha kugusa wagonjwa wa mitoki ya shingoni, kama wafalme wa Ufaransa walivyo nacho wote kwa sababu ya yale mafuta, na mwaka 1283, Jumatatu ya Pasaka, alikuja kugusa wagonjwa hapa Hautemare akiwa amevaa glavu. Bibi Hersent, ambaye yuko pale karibu na ua, alikuwa mbele kwenye foleni, na maneno waliyosemezana na Bwana Enguerran yanajulikana na wote, ila katika historia ya mtu ni vizuri yawekwe mahali pake.

"Mwanangu," Bibi Hersent alisema, "mkono wa mfalme una nguo."

"Baraka inapita kwenye nguo, bibi. Ngozi ya kulungu haizuii neema."

"Kama neema inapita, basi na mitoki inapita. Sasa mkono anauficha wa nini?"

"Bibi, wenzako wanasubiri."

"Wasubiri tu. Mimi nimesubiri tangu alfajiri, nimekuja kuguswa na kulungu."

Mitoki yake ingalipo, mtakaotaka kuiona atawaonyesha.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa mara mbili, ya kwanza tarehe 3 Mei mwaka 1263 na binti wa mtawala wa kusini, aliyeishi naye miaka saba kisha akampeleka kwa masista kwa kosa la kutozaa mtoto wa kiume, na ya pili mwezi Januari mwaka 1271 na malkia aliyeondoka juzi na mifupa. Malkia huyu naye hakuzaa, wakaitwa matabibu kumchunguza, kisha wakaitwa matabibu wa kuwachunguza matabibu, na katika miaka yote hiyo hakutokea mtu mmoja aliyethubutu kumchunguza mfalme.

Mama yangu, marehemu Richeut, hakufunga naye ndoa, na simsingizii. Alikuwa mfuaji nguo katika nyumba ya mfalme ya mawindo, ile iliyo ukingoni mwa msitu wetu, na vuli ya mwaka 1267 mvua ilinyesha siku nyingi, mawindo yakakosekana, mfalme akakaa ndani. Mama hakupenda kusimulia, lakini wanawake wenzake walipomtania penye mto, wakimwuliza mfalme yukoje, aliwajibu, "Mfalme ni shati. Ukilivua unabaki na mtu anayeogopa radi." Nilizaliwa tarehe 20 Juni mwaka 1268, katika chumba cha kufulia, na hakuna kengele iliyopasuka.

Kwa hiyo kuhusu watoto, marehemu hakuacha mtoto wa ndoa, na wa nje ya ndoa hakuna aliyejisumbua kuwajua, isipokuwa mimi, kwa sababu nilibaki mahali aliponiacha. Nilimwona kwa karibu mara moja tu, Oktoba mwaka 1288, nilipokuwa na mimba ya mtoto huyu niliyempakata, alipokuwa akipita kwenda msituni na Bwana Enguerran akamwinamia sikioni. Mfalme alisimamisha farasi.

"Huyu ndiye wa yule mfuaji?"

"Ndiye, Bwana wangu."

"Ana meno mazuri," alisema mfalme, akaendelea na safari, na hayo ndiyo maneno yote niliyoyapata kwa baba yangu, wala hakunisemesha mimi, alimsemesha Bwana Enguerran.

Marehemu alianza kuugua Ijumaa, tarehe 15 Septemba mwaka huu wa 1290, katika nyumba ile ile ya mawindo. Alikuwa ameamuru apikiwe matumbo ya ng'ombe kama tunavyoyapika huku kwetu, usiku kucha katika mvinyo wa matufaha, pamoja na kwato na vitunguu, na alipokumbushwa kwamba ni Ijumaa na nyama hailiwi, alimwuliza askofu aliyekuwa mezani, na askofu akasema kwamba matumbo kwa kweli si nyama, ni njia ambayo chakula hupita. Marehemu alikula chungu kizima, akamwomba mpishi amletee kingine, akakila nusu, na jioni akashikwa na tumbo. Matabibu walimtoa damu mkononi, wakamtoa damu mguuni, wakatazama mkojo wake kwenye mwanga wa jua na kuusifu, wakamfunga njiwa hai kwenye nyayo, njiwa akafa, wakasema ni dalili nzuri. Jumapili aliwapa watawa malisho yetu. Jumatatu, tarehe 18 Septemba, kabla ya misa, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, na neno lake la mwisho, kwa ushahidi wa waliokuwepo, lilikuwa ni kuuliza kama mbwa wamelishwa.

Kwa kuwa hali ya hewa ilikuwa ya joto na makaburi ya wafalme yako mbali, ilibidi mwili uchemshwe kama inavyofanywa kwa watu wakubwa wanaofia safarini, ili nyama iachane na mifupa, na chungu kikubwa kilikosekana ila kile cha kijiji, tunachotilia rangi sufu. Mpishi wa mfalme alikaa kwenye jiwe la jikoni akakataa kusimama. "Nimempikia miaka yote hii," alisema, "leo naambiwa nimpike yeye." Walimpa mvinyo akasimama. Chungu tumerudishiwa, tunashukuru, ila hakuna mwanamke aliyekubali kutia sufu yake humo mpaka sasa.

Nije kwenye urithi alioiachia nchi, kwa maana katika historia ya mfalme hilo haliwezi kurukwa. Mwaka 1280 marehemu, akiwa angali na tumaini la kupata mtoto wa kiume, na akitaka kuwafunga midomo dada zake wawili waliokuwa wanamsumbua, alitoa sheria kwamba kiti cha Ufaransa hakiwezi kurithiwa na mwanamke, wala na mtu yeyote ambaye damu yake ya kifalme imepitia kwa mwanamke. Kisha akafa bila mtoto wa kiume, na ndugu aliowaacha ni wapwa wawili, watoto wa dada zake wale wale. Wote wawili walikuwa hapa Jumatatu. Mmoja alichukua taji, mwingine alichukua mhuri, wakapanda farasi kila mmoja na njia yake, kabla maji ya chungu hayajachemka, na leo tunasikia kwamba mwenye taji hawezi kutoa amri kwa sababu hana mhuri, mwenye mhuri anatoa amri kila siku lakini hana taji, na kwa sheria ya mjomba wao hakuna kati yao mwenye haki ya chochote. Alitawala miaka ishirini na tisa ili atuachie hayo. Hata ng'ombe akifa huacha ngozi.

Katika mbio hizo hakuna aliyekumbuka matumbo. Jumanne wachimbaji waliletwa hapa, na mume wangu Toustain akafanya kile ambacho mtu yeyote wa Normandia aliyedhulumiwa anaruhusiwa kufanya tangu enzi za mababu, alipiga magoti mbele ya mashahidi akapiga yowe la haro, ambalo likishapigwa kila kazi husimama na kila chombo huwekwa chini, hata cha bwana mkubwa, mpaka baraza la mtawala likae na kuamua, na atakayeendelea baada ya hapo hufungwa. Wachimbaji waliweka sepetu chini. Bwana Enguerran akaja na farasi wake.

"Simama, Toustain, unachafua suruali bure. Haro juu ya kaburi si ya kila mchunga ng'ombe. Ni ya mwenye ardhi au ndugu wa damu wa anayezikwa. Ardhi ilikuwa ya mfalme. Wewe ni ndugu yake?"

"Mimi si ndugu yake, Bwana."

"Basi mwite ndugu yake."

"Ndugu zake wamekimbia, Bwana, tumeona vumbi lao."

"Ndiyo hivyo. Chimbeni."

Wakachimba, na hiyo ni sheria, wala hakusema uongo. Lakini Jumatano Padre Foulques alimwambia msimamizi kwamba hatashusha gudulia bila historia, wala historia haisomwi na mtu baki, na watu wa hapa wasiposikia historia hawatakanyaga kanisa hilo hata kwa fimbo. Bwana Enguerran akafikiri, kisha akaja mlangoni kwangu nikiwa nanyonyesha, akavua kofia, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mama, nasikia masista walikufundisha kusoma."

"Kidogo, Bwana."

"Utasoma historia ya baba yako. Uandike mema, na yawe mafupi."

"Bwana, ni nani aliyesema mfalme ni baba yangu?"

"Mimi nasema. Na kesho nitasema mbele ya watu wote, usiogope."

Alipoondoka Toustain alikaa kizingitini akicheka mpaka mtoto akaamka. "Wewe," aliniambia, "ambaye sokoni ukiulizwa jina unaangalia viatu."

Nami nimewaangalieni viatu tangu nilipoanza kusoma, ila nimesoma. Leo asubuhi Padre ameuliza kwa sauti, kama desturi inavyotaka, nani hapa ni ndugu wa damu wa marehemu, naye Bwana Enguerran amejibu, "Huyu, Osanne, binti wa mfalme, nami ni shahidi," na watawa wamesikia, na askari wamesikia, na kijiji kizima kimesikia. Sitaki kurithi kitu, ile sheria yake inanizuia na imenizuia vizuri. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho.

Toustain, nipokee mtoto.

Napiga magoti hapa penye ukingo wa shimo, mbele yenu nyote, nami ni ndugu wa damu wa anayezikwa. Haro. Haro. Haro. Nisaidie, mtawala wangu, nadhulumiwa. Malisho haya yalikuwa ya kijiji kabla babu wa mfalme hajazaliwa, yeye hakuwa nayo, na mtu hawezi kutoa sadaka ng'ombe wa jirani. Wenye sepetu, wekeni chini. Watawa, wekeni chini gudulia, polepole, lisipasuke. Kazi imesimama mpaka baraza la mtawala likae. Ni mtawala yupi, mwenye taji au mwenye mhuri, mimi sijui, na Bwana Enguerran hajui, na wao wenyewe hawajui, na mpaka watakapojua, hapa hapazikwi mtu wala sehemu ya mtu. Hilo ndilo jambo jema ambalo baba yangu ametufanyia, kwamba amekufa bila kumwacha mtu wa kutuhukumu.

Kwa niaba ya familia, ambayo ni mimi, nawashukuru matabibu, waliomaliza haraka kile ambacho marehemu alikianza mwenyewe, namshukuru mpishi, aliyefanya kazi iliyowashinda wakubwa, nawashukuru majirani mliobeba maji na kuni na kuazima chungu, nawashukuru askari na watumishi wa marehemu waliobaki wakati ndugu walipopanda farasi, namshukuru Padre Foulques kwa kuishika desturi, na namshukuru sana Bwana Enguerran kwa ushahidi wake. Watawa wametoka mbali, watapata mkate na siagi nyumbani kwangu kabla ya safari, na gudulia watalibeba wao, kwa kuwa wao ndio waliopewa.

Baba, pumzika kwa amani popote watakapokupeleka, maana hapa jioni hii wanaingia ng'ombe.